Kufuga samaki wa mwambani na matumbawe nyumbani: niliyojifunza kwa hasara



Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu, awe ametoka Dar, Muscat au mtaa wa pili tu hapa Reading, huuliza maswali mawili. La kwanza ni: "Sasa hawa mnawala lini?" La pili huja baada ya kukaa mbele ya tangi nusu saa bila kusema neno: na yeye angependa kuwa nalo, je, aanze na samaki gani? La kwanza nalijibu kwa mzaha. La pili limenigharimu sana, na ndiyo maana leo naandika kwa urefu kidogo, mnivumilie. Mimi si mtaalamu wa bahari. Shahada yangu ya uzamivu ni ya isimu, na kemia niliiacha kidato cha nne bila majonzi. Ila nimekaa na tangi la maji ya chumvi tangu 2009, na makosa yangu mengi ningeyaepuka kama mtu angenieleza mapema, kwa lugha yangu, kwamba swali la samaki gani huulizwa mwisho kabisa.

Nianze na msiba wenyewe. Mwaka 2011 niliingia dukani kununua chumvi, nikamkuta kangaja. Wale wa pwani mnamjua (wa bara msichanganye na lile chungwa dogo). Huyu alikuwa yule wa buluu: mwili wa buluu iliyokolea, uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni la manjano kama ndimu iliyoiva. Wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, na makao yake ni Bahari ya Hindi, kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki kwenda mashariki. Kwenye kioo kulikuwa na kikaratasi kimeandikwa neno moja: Kenya. Mimi mtu wa Tanga. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jirani yake wa utotoni kwenye kituo cha treni. Mwenye duka aliniuliza kama tangi langu linamtosha, nikasema linatosha. Halikutosha.

Nyumbani nilikuwa na tangi la lita 300, samaki watano, kamba wawili na matumbawe machache, vyote vimetulia miaka miwili. Nikamtia humo jioni ile ile. Siku ya tano akatoa madoa meupe mwilini, kama mtu aliyemrushia chembe za chumvi. Akaanza kujikwaruza kwenye mawe. Siku ya nane madoa yakatoweka, nikamshukuru Mungu na nikamwambia mke wangu kwamba amepona. Siku ya kumi na mbili alikufa, na kwa wakati huo madoa yalikuwa juu ya kila samaki tangini. Kati ya wale watano wa mwanzo alibaki mmoja.

Ile furaha yangu ya siku ya nane ndiyo inayofaa kuelezwa, manake wengi huangukia papo hapo. Ugonjwa ule huletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hujipenyeza chini ya ngozi ya samaki na kwenye mashavu anakopumulia, kikala kwa siku tatu hadi saba. Hapo ndipo tunaona doa. Kisha hudondoka chenyewe, kikajishikiza kwenye mchanga au jiwe, kikajifungia ndani ya ganda na kujigawa mara mamia. Baada ya siku kadhaa, na pengine wiki nyingi, ganda hupasuka na watoto hutoka kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili hufa. Kwa hiyo doa linapotoweka, ugonjwa haujaisha. Umeshuka chini kwenda kuzaa. Baharini watoto wale husambazwa na mkondo, na samaki hupata wawili watatu tu ambao mwili wake huweza kupambana nao. Ndani ya lita 300 hawana pengine pa kwenda.

Dawa ipo, nayo ni shaba iliyoyeyushwa kwa kipimo maalumu. Lakini shaba hiyo hiyo huua kamba, konokono na matumbawe, na hunasa kwenye mawe. Maana yake ni kwamba katika tangi lenye matumbawe huwezi kumtibu samaki mahali alipo. Lazima umtoe umpeleke tangi jingine tupu, na lile la matumbawe ulikalishe bila samaki hata mmoja mpaka vimelea vife kwa njaa. Watunzaji wengi siku hizi husubiri siku 76. Mimi nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni huku yule mmoja aliyebaki akiogelea ndani ya sanduku la plastiki chini ya meza yangu ya kazi.

Yote hayo yangezuilika kwa tangi dogo la karantini: lita 60, bila mchanga, bila mawe, vipande viwili vya bomba la plastiki vya kujifichia, sponji ya kuchujia na hita. Kila samaki mpya akae humo wiki nne hadi sita, aonekane anakula, atibiwe kama anahitaji, ndipo ahamie kwa wenzake. Wanaojifunza shughuli hii huambiwa hivyo siku ya kwanza, na karibu kila mmoja hujiona yeye hayamhusu.

Nilimpigia simu mjomba wangu Tanga, mvuvi wa dema na mshipi kwa miaka mingi, kumsimulia. Nilitegemea atanicheka kwa kununua kangaja kwa pesa ambayo yeye angenunulia kapu zima. Akaniuliza: "Huyo kangaja alikuwa akienda wapi, baba?" Sikumwelewa. Akaeleza kuwa kangaja hatulii, hupita mwambani mchana kutwa akilamba mwani, mara nyingi na kundi, akimaliza hapa anahamia kule. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120. Samaki aliyekwisha kusumbuliwa na safari, akafungiwa mahali ambapo kila baada ya mapigo mawili ya mkia anakutana na kioo, hana nguvu ya kupambana na chochote. Kangaja wa buluu anajulikana mno kwa kushikwa na ugonjwa ule. Vitabu vilikuwa vimesema. Mimi sikuwa nimevisoma kwa makini kama nilivyokisoma kile kikaratasi cha Kenya.

Basi, turudi mwanzo panapostahili, yaani kwenye maji. Anayefuga samaki wa mwambani hufuga maji kwanza. Samaki hutoa amonia kupitia mashavuni mwake kila dakika, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Baharini inatawanyika. Ndani ya kioo haitawanyiki, hivyo panahitajika bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni hatari, na bakteria wengine wa kuigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Bakteria hawa huja wenyewe, lakini huja taratibu. Tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kabla halijaweza kumpokea kiumbe. Katika muda huo unatia amonia kidogo au kipande cha kamba kioze humo, unapima, unasubiri. Majirani watakuuliza mbona umeweka tangi la mawe matupu. Waache waulize.

Hayo mawe ndiyo kichujio chenyewe. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la Marekani jinsi alivyoweka samaki na matumbawe hai nyumbani kwa kutumia mawe yaliyotoka mwambani, yakiwa na viumbe vyake, pamoja na mapovu machache ya hewa. Wakati ule wengi walikuwa wakisafisha kila kitu mpaka kiwe cheupe kama mifupa, kisha wakishangaa kwa nini viumbe vinakufa. Jiwe la mwambani lina matundu matundu. Juu yake kuna hewa, na huko wamo bakteria wa amonia; ndani kabisa oksijeni haifiki, na huko wamo wengine wanaoivunja naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda na kupotea. Baadaye Wajerumani wa Berlin wakaongeza taa kali na mashine ya povu, na mpaka leo matangi mengi ya nyumbani ni watoto wa mpango huo. Siku hizi kung'oa mawe mwambani kumepungua, na mimi mwenyewe nilipohama nyumba mwaka 2015 nilianza upya na mawe makavu. Bakteria walikuja vile vile, ila walichelewa zaidi.

Ile mashine ya povu, mimi naiita kitoa-povu, na mwenye neno bora anipe. Mmeona povu la manjano linalojikusanya ufukoni siku ya upepo? Uchafu wa viumbe, hasa protini, hupenda kujishika mahali hewa na maji vinapokutana. Mashine inapiga hewa kuwa vipovu vidogo mno ndani ya bomba refu, uchafu unajishika, povu linapanda na kumwagikia kikombeni. Kila wiki nakimwaga kikombe hicho, rangi ya chai ya rangi iliyokaa, harufu sisemi.

Kuhusu maji yenyewe, wenzangu wa kusini mwa Uingereza mnajua jinsi birika linavyoshika magamba meupe. Mtu hudhani maji yenye madini mengi hivyo yatawafaa matumbawe. Wapi! Bomba linaleta pia naitreti, na fosfeti ambayo makampuni ya maji huongeza ili mabomba ya zamani ya risasi yasitoe sumu, na shaba kutoka kwenye mabomba ya ndani ya nyumba. Fosfeti na naitreti hulisha mwani mchafu, shaba nimekwisha isema. Kwa hiyo tunapitisha maji kwenye kichujio cha utando mwembamba unaozuia karibu kila kitu, kisha tunatia chumvi maalumu ya bahari mpaka ifike gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kichujio hicho kinamwaga lita tatu au nne ili kukupa moja safi, na mtu aliyekulia kwenye foleni ya ndoo hawezi kutazama jambo hilo bila kuumia. Ya kumwagwa nayapeleka bustanini.

Kosa moja nimeliona kwa marafiki watatu. Maji yakipungua kwa kukauka, kinachoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Tangi langu hupoteza lita tatu hadi nne kwa siku. Mtu akijaza kwa maji ya chumvi, kila siku anaongeza ukali, na baada ya mwezi samaki wake wako katika Bahari ya Shamu bila pasipoti. Jaza kwa maji matamu. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia, kama asilimia kumi kila wiki au mbili.

Halafu uzito. Lita 300 pamoja na mawe, kioo na meza yake huvuka kilo 400. Nyumba za huku zenye sakafu za mbao zataka uangalie maboriti yamelalia upande gani, ulikalishe tangi karibu na ukuta wa nje, likatize maboriti mengi. Kwa mwenye nyumba ya kupanga, aombe ruhusa kwa maandishi.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda, ambayo ni chokaa. Tumbawe gumu ni mnyama mdogo, laini, anayejijengea nyumba ya jiwe kwa kunyonya kalsiamu na kaboneti majini. Baharini kuna kama miligramu 420 za kalsiamu katika kila lita, na akiba hiyo haiishi. Katika tangi, matumbawe yakianza kukua kweli kweli, huimaliza haraka, nawe lazima uirudishe. Pamoja na kalsiamu kuna kipimo cha ualkali, yaani kaboneti zilizopo majini, ambacho tunakisoma kwa kipimo cha Kijerumani, dKH, nami nakiweka kati ya 8 na 9. Magnesiamu iwe kama 1300. Vitatu hivyo vikiyumba, tumbawe huyumba navyo. Usikimbizane na namba kubwa. Namba isiyobadilika ndiyo inayotakiwa.

Njia ya zamani ya kuvirudisha, na bado naitumia, ni maji ya chokaa. Wajerumani husema Kalkwasser, na vitabu vya Kiingereza vimechukua neno hilo hilo kana kwamba ni siri ya maabara, kumbe tafsiri yake ni maji ya chokaa, basi. Ni ile chokaa yetu. Pwani, tangu zamani, matumbawe yalipangwa juu ya magogo kwenye tanuu yakachomwa. Moto hulifukuza kabonidayoksaidi kutoka kwenye jiwe. Ukilimwagia maji hupiga kelele na kuchemka lenyewe, likawa unga mweupe. Unga huo uliofungia kuta za Lamu, Mombasa na Unguja, ukikaa ukutani hunyonya tena kabonidayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe. Katika tangi, unga ule ule ukiyeyushwa na kudondoshwa pole pole hukutana na kabonidayoksaidi iliyomo majini, na mnyama yule laini huuchukua na kuujengea. Babu zetu walichoma tumbawe kupata chokaa, nami usiku nadondosha chokaa kupata tumbawe. Mjomba nilipomsimulia hili alicheka mpaka akakohoa.

Namna ninavyofanya ni hivi. Gramu moja na nusu ya chokaa safi, ile ya kutumika kwenye chakula na si ya ujenzi, katika kila lita ya maji matamu yaliyochujwa. Koroga, funika, acha itulie mpaka maji yawe angavu juu na weupe ukae chini. Yale angavu ndiyo yanayotumika kujazia kile kilichokauka, tone kwa tone, usiku. Usiku kwa sababu taa zikizimwa viumbe vyote hupumua bila mwani kuitumia kabonidayoksaidi, asidi inapanda, na chokaa huishusha. Tahadhari: maji haya yana pH inayopita 12 na yanaunguza macho. Na yakimwagika lita kadhaa kwa mpigo kwa sababu kidhibiti kimeganda, asubuhi utakuta maji meupe kama ya tui na hakuna aliye hai. Ndiyo maana chombo changu cha chokaa hakizidi lita tano. Hata yote yakiingia kwa wakati mmoja, tangi litaumwa lakini halitakufa.

Kwenye mwanga sitakaa sana. Matumbawe mengi tunayofuga yanaishi na mwani mdogo mno ndani ya nyama yake; mwani unatengeneza chakula kwa mwanga na kumpa mwenyeji sehemu kubwa ya anachohitaji. Taa iwe na buluu ya kutosha, saa nane hadi kumi kwa siku. Nilipoanza tulitumia taa kubwa za gesi zilizochemsha chumba kizima. Leo ni LED, na bili ya umeme imenipa nafuu.

Joto lina habari zaidi. Naliweka tangi nyuzi 25 au 26. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, nilirudi nyumbani nikakuta maji yako 29.4. Tumbawe likipata joto kupita kiasi kwa siku nyingi, humtema yule mwani wake, likabaki jeupe, njaa ikaanza. Ndicho kilichozipata nyanda kubwa za matumbawe ya Afrika Mashariki mwaka 1998, na tena 2016. Na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba dunia iko katika upaukaji mkubwa wa nne. Sebuleni kwangu niliwasha feni ya mezani ipulize juu ya maji, nikaacha kifuniko wazi. Maji yakikauka huondoka na joto, na ndani ya saa chache nilishusha nyuzi mbili na nusu. Mwamba wa Tanga hauna feni. Nilifikiria hivyo usiku ule nikiwa nimekaa gizani na kipimajoto mkononi.

Sasa samaki. Anayeanza aanze na wale wanaozalishwa matangini, hasa samaki wa anemoni. Watoto wote watamwita Nemo tangu filamu ya 2003, ingawa Nemo si wa kwetu, jamii yake inatoka mashariki zaidi. Pwani yetu ina jamaa zake wengine, kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Aliyezalishwa tangini anakula chakula cha kopo tangu utotoni, hajasafirishwa siku tatu ndani ya mfuko, na hana haja ya anemoni. Wawekwe wawili wadogo: wote huanza wakiwa madume, mkubwa anageuka kuwa jike na ndiye bosi wa nyumba. Jike akifa, dume lake hugeuka jike. Kwa wasimulizi wa hadithi za watoto ile filamu ingekuwa na mwendo mwingine kabisa.

Simsemi vibaya mvuvi wa Kenya anayepiga mbizi na kichandarua kumkamata samaki mmoja mmoja. Ni kazi halali na ya ufundi, na samaki mmoja wa mapambo humlipa kuliko wa kitoweo. Ninachokataa ni kumnunua samaki huyo bila tangi la kumtosha wala karantini, kwa sababu tu ya jina la nchi kwenye kikaratasi. Na wale ambao huniandikia kwamba wakienda likizo watachukua kipande cha tumbawe mkobani, tafadhalini msithubutu. Matumbawe magumu, yaliyo hai na yaliyokufa, yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Bila kibali ni kesi uwanja wa ndege. Vipande vya kuanzia hupatikana kwa wafugaji wenzetu huku huku, vimekatwa kutoka matangini mwao, vimegundishwa kwenye vijiwe. Tumbawe langu kubwa kuliko yote lilikuja na ukubwa wa kidole gumba mwaka 2015.

Kuna jambo jingine la hatari ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Aina fulani za viumbe kama vifungo vya rangi, waitwao zoanthidi, hubeba sumu kali sana iitwayo palitoksini. Mwaka 2018 katika kijiji kimoja cha Oxfordshire, si mbali na hapa, familia nzima na wazima moto walipelekwa hospitali baada ya mtu kusafisha matumbawe ya tangi lake na sumu kuingia hewani. Msiwasugue kwa brashi, msiwachemshe wala kuwamwagia maji ya moto jiwe walilokaa, vaeni glavu na miwani, na watoto wasitie mikono humo.

La mwisho linatuhusu sisi tunaokwenda nyumbani wiki nne kwa mpigo. Safari ya kwanza nilimwachia jirani, bibi mmoja mwema, kopo la chakula. Aliwaonea huruma, akawalisha kama wajukuu. Naitreti niliyoikuta niliipima mara mbili nikidhani kipimo kimeharibika, na mwani wa kijani ulikuwa umefunika kila kitu. Tangu hapo natayarisha vikaratasi vilivyofungwa, kila kimoja kimeandikwa siku yake, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na kopo lenyewe nalificha. Chombo cha chokaa nakizima, matumbawe yavumilie. Najazia maji matamu kwa mashine, na namwekea jirani namba ya simu ya mfugaji mmoja wa mji huu ambaye naye akisafiri mimi humtazamia lake. Mwaka huu tunaondoka Desemba, na vikaratasi kumi na viwili viko tayari mezani. Bibi amekwisha niuliza kama siku ya Krismasi anaweza kuwapa viwili.

Wasalaam.